Donge Moja, Namba Mbili: Miaka 34 ya Jemimah Nyanchoka

Bi. Jemimah Nyanchoka wa Idara ya Picha anastaafu Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, baada ya kuitumikia hospitali hii ya misheni kwa miaka thelathini na minne na miezi minne, kasoro siku moja. Siku hiyo moja tumeitaja kwa sababu yeye mwenyewe angeitaja. Katika muda wote huo alikosa kazi kwa ugonjwa siku kumi na tisa, na kumi na moja kati ya hizo ni za malaria ya mwaka 1997.

Ofisi ya utawala iliomba wasifu huu uwe wa ukurasa mmoja, uwe wa furaha, na usiguse mambo ya mwaka 2016. Furaha itakuwepo. Ukurasa mmoja hautatosha. Na mwaka 2016 utaguswa, kwa sababu katika faili la Bi. Nyanchoka kuna barua ya tarehe 21 Juni mwaka huo inayosema kwamba mgonjwa alifariki kwa uzembe wake. Hakuwa mzembe. Akiondoka na barua hiyo imebaki peke yake humo ndani, basi ndiyo itakayowaambia watakaokuja baadaye kwamba yeye alikuwa mtu wa namna gani. Anayeandika ni Fred Onyancha, aliyefanya kazi chini yake miaka kumi na moja. Nitaeleza ninavyolijua jambo hili.

Alizaliwa Sironga mwaka 1965, wa tatu katika watoto wanane. Alikuja hapa Jumanne, tarehe 2 Aprili 1991, akaajiriwa kuosha filamu za eksirei. Chumba cha giza hakikuwa na saa inayosomeka, kwa hiyo alipima dawa kwa kuimba: beti tatu za wimbo wa kanisani filamu inatoka, beti nne imeungua. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje walidhani kuna maombi ndani, na wengine walivua kofia. Mwaka 1998 alirudi kutoka chuoni na cheti cha kupiga picha, ada akiwa amejilipia kwa chai ya shamba la mama yake. Tangu hapo ndiye aliyetufundisha karibu sote, na sote tukamwita Mong'ina, jina la heshima tunalompa mama mtu mzima, ingawa wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mitatu tu.

Mwaka 2011 tuliletewa skana ya CT iliyokwisha kutumika ng'ambo. Mashine hiyo inakata kichwa kwa picha, kipande kwa kipande kama mkate, bila kukigusa. Vichwa vingi tulivyoletewa vilikuwa vya watu walioanguka na pikipiki, na daktari wa upasuaji alitaka jibu la swali moja: donge la damu lina ukubwa gani? Kanuni yetu ilikuwa wazi. Likizidi mililita thelathini, anaitwa mara moja. Likiwa chini ya hapo, mgonjwa analazwa na kuangaliwa. Tulikuwa tukikisia kwa rula.

Mong'ina hakupenda kukisia. Siku moja alikuja kantini na kiazi kitamu kilichochemshwa, chenye uozo ndani, akakikata mbele ya Daktari Bosire wa upasuaji. Kipande cha kwanza kilionyesha madoa mawili meusi.

"Ugonjwa ngapi hapo, daktari?"

"Mbili. Hata mtoto anaona."

"Haya, ngoja. Sijamaliza kukata."

Kwenye kipande cha tano madoa yale mawili yalikuwa yamekutana. Ulikuwa uozo mmoja wenye miguu miwili. Daktari Bosire alicheka akasema mama wa chumba cha giza sasa anataka kuwa injinia. Mong'ina akamjibu kwamba injinia au si injinia, hicho kiazi yeye alikuwa amekilipia na sasa hakuna wa kukila.

Shida yote ya kazi hiyo ilikuwa ndani ya kiazi kile. Kichwa kimoja kwenye skana yetu kina vipande 160, na kila kipande kina nukta 512 kwa 512. Zidisha: ni nukta 41,943,040. Kompyuta inaweza kujua kila nukta peke yake kama ni damu au si damu. Isichojua ni nukta ipi ya damu ni ya donge lipi. Lazima kila donge lipewe jina lake, na nukta zote zilizoshikana ziitwe jina hilo moja, hata kama zinashikana vipande kumi huko juu.

Alijifunza kuandika programu kutoka kitabu kisicho na jalada, kilichoachwa na mgeni mmoja wa kujitolea. Programu yake ya kwanza ilifanya kama rangi iliyomwagika: ilianza nukta moja, ikaenda kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, hadi damu iishe. Ilichukua dakika arobaini na saba, na mara tatu kati ya tano kompyuta iliganda kabla ya kufika.

Ya pili aliitoa nyumbani. Huku kwetu, kijana akileta mchumba, kabla chai haijamiminwa wazee wanamuuliza msichana ametoka nyumba gani, babu yake ni nani, na baba wa babu. Wanatafuta kama hawa wawili ni ndugu. Mong'ina alisema tuziulize nukta hivyo hivyo. Kila nukta ina majirani ishirini na sita: tisa juu, tisa chini, wanane kando. Ukizipitia kwa mpangilio, kumi na tatu kati yao wamekwisha kupewa majina. Nukta mpya ya damu inawauliza hao: ninyi ni wa nyumba gani? Wakikosekana wenye jina, inaanzisha nyumba yake. Wakitaja jina moja, inalichukua. Wakitaja majina mawili tofauti, nyumba hizo mbili zinaandikwa kwenye daftari kuwa ni nyumba moja, chini ya mzee mwenye namba ndogo. Na ukishamjua mzee wa mwisho, unamwandika moja kwa moja, ili kesho mtu asipitie tena kwa wajukuu wote kumtafuta.

Dakika arobaini na saba zikawa tatu na sekunde kumi. Halafu akagundua kwamba damu haikai nukta moja moja, inakaa kwa mistari, kwa hiyo hakuna haja ya kuiuliza kila nukta. Uliza mstari mzima mara moja. Sekunde thelathini na nane. Nilikuwa nimesimama nyuma yake siku hiyo ya mwaka 2014. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa askari wa lango, na yeye ndiye aliyeniombea nafasi, eti kwa sababu daftari langu la magari halikuwahi kukosa kujumlishwa. Aliangalia zile sekunde, akafuta miwani, akasema, "Haya, sasa mwite mgonjwa."

Lakini hesabu hiyo ilihitaji kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta zetu mbili za msaada zilikuwa na megabaiti 512 kila moja. Kichwa kizima mara nyingi hakikuenea, kompyuta ikaganda. Aliomba kuongezewa kwa barua nne: Februari 2013, Novemba 2013, Julai 2014, Machi 2015. Nakala ninazo. Barua tatu hazikujibiwa. Ya nne ilijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Kwa hiyo akagawa kichwa mara mbili: nusu ya chini kwenye kompyuta ya kwanza, nusu ya juu kwenye ya pili. Zikimaliza, mtu anabeba flashi kutoka moja hadi nyingine na kuendesha hatua ya kuunganisha, inayokagua mpaka wa nusu hizo mbili na kuuliza kama kuna nyumba iliyokatwa katikati. Hatua hiyo ilikula dakika tisa. Aliandika kwa kalamu nyekundu na kubandika ukutani: bila kuunganisha, hakuna jibu.

Sasa zamu. Mong'ina ni Msabato, mimi ni Mkatoliki. Tulipatana tangu mwanzo, bila ofisi kutuandikia, kwamba Jumamosi ni yangu na Jumapili ni yake. Na tulikuwa na desturi: kilichobaki Jumamosi, yeye anakimaliza Jumapili. Alikuwa na maana ya kupanga bahasha na kuandika rejista. Mimi nilianza kuinyoosha desturi hiyo. Foleni ikiwa ndefu niliacha kuunganisha, nikajua kesho Mong'ina ataunganisha. Rekodi ya kompyuta inaonyesha nilifanya hivyo Jumamosi kumi na nne, na mara kumi na tatu hakuna lililotokea.

Jumamosi ya kumi na nne ilikuwa tarehe 11 Juni 2016. Aliletwa Ogari, mfanyabiashara wa ndizi kutoka Mosocho, miaka arobaini na mmoja, ameanguka na pikipiki. Mjane wake, Bi. Nyaboke, ameturuhusu kumtaja. Nusu ya chini ilisema donge kubwa ni mililita 17.8. Nusu ya juu ilisema 16.4. Wagonjwa wawili walikuwa wakisubiri mlangoni. Niliangalia namba mbili, zote ziko chini ya thelathini, nikaridhika. Kwenye fomu nikaandika iliyo kubwa: 17.8. Wikendi hatukuwa na daktari wa picha, na tabibu wa zamu alisoma alichoandikiwa. Ogari akalazwa kuangaliwa.

Kesho yake Mong'ina aliingia saa tano asubuhi, akaanza na mabaki yangu. Alipounganisha, nusu mbili zikawa donge moja: 34.2. Muuguzi Linet aliyekuwa wodini anasema hajawahi kumwona mama huyo akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Daktari aliitwa. Ogari alifariki saa saba na dakika arobaini mchana, akiwa anatayarishwa kwa upasuaji.

Kamati ya watu watatu ilikaa dakika hamsini. Haikuuliza kwa nini kichwa cha mtu kilihesabiwa na kompyuta mbili. Haikuuliza nani alikuwa zamu. Iliuliza programu ni ya nani, na Mong'ina akasema ni yake. Mimi nilikuwa nje, kwenye benchi. Alipotoka nilisimama nikamwambia naingia kusema. Alinishika mkono wa koti.

"Kaa chini."

"Mong'ina, ni mimi niliyeacha."

"Najua ni wewe. Nimesoma rekodi kabla yako. Mkataba wako unaisha lini?"

"Agosti."

"Mimi wataniandikia barua. Wewe watakufukuza. Kaa chini, Fred."

Nilikaa. Nimekaa miaka tisa.

Barua iliandikwa. Aliomba kuwa mkuu wa idara mara tatu, mwaka 2017, 2019 na 2022, na mara zote tatu faili lilifunguliwa na barua ikasomwa. Mara ya mwisho nafasi ilipewa mtu mwenye uzoefu wa miaka sita, ambaye Mong'ina mwenyewe alimfundisha kushika filamu kwa ncha za vidole. Hakulalamika. Alimpigia makofi. Katika mkutano huo nilihesabu waliopiga makofi mengi kuliko yeye: hakuna.

Alichofanya badala ya kulalamika ndicho mafanikio makubwa kuliko yote aliyoiachia hospitali hii, na hakuna cheti kilichowahi kutolewa kwa ajili yake. Kwa majuma kumi na moja baada ya mazishi aliivunja programu yake yote. Alijiuliza daktari anataka nini hasa. Daktari hataki kichwa kilichopakwa rangi nukta kwa nukta. Anataka ukubwa wa donge. Basi hakuna haja ya kukumbuka kichwa kizima. Kumbuka kipande ulichopo na kile kilichopita, viwili tu, na daftari la nyumba. Kila nyumba itembee na hesabu yake ya mililita. Nyumba mbili zikikutana, hesabu zao zinajumlishwa hapo hapo. Ukifika kipande cha mwisho, jibu liko tayari. Hakuna nusu ya juu wala nusu ya chini. Hakuna flashi. Hakuna hatua ambayo mtu mchovu anaweza kuiacha.

Sekunde tisa. Kwenye kompyuta ile ile ya megabaiti 512. Kumbukumbu iliyoombwa mara nne haijafika mpaka leo, na haihitajiki tena.

Tangu tarehe 5 Septemba 2016 hadi mwisho wa Juni mwaka huu programu hiyo imesoma vichwa 13,406. Nimechagua mia nne bila mpangilio na kuvipitia kwa jicho, kipande kwa kipande, kazi iliyonichukua miezi saba. Madonge yaliyogawanywa: sifuri.

Jumapili, tarehe 6 Julai, nilikwenda Mosocho kwa Bi. Nyaboke. Nilitaka alisikie kwangu kabla ya kulisoma popote. Alinisikiliza akiwa anapanga mikungu, hakusimama.

"Huyo mama amekuja hapa kila Juni," alisema. "Miaka tisa. Analeta sukari, anashika jembe, tunapalilia migomba mpaka jioni. Mimi nilikuwa najua anakuja kwa sababu ni yeye aliua."

Nikamwambia si yeye.

"Nimesikia si yeye. Na wewe miaka hiyo yote ulikuwa wapi?"

Aliniuliza kama Mong'ina anajua nimekuja. Nikasema hapana. Akasema mwaka ujao akija hatampa jembe, atampa kiti. Kisha akaniambia niende, kwa sababu wateja walikuwa wakisubiri na mimi nimesimama mbele ya bidhaa.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia Mong'ina mwenyewe. Hakufurahi, na sitaandika hapa kwamba alifurahi.

"Nilikuambia hiyo kitu ilizikwa."

"Haikuzikwa. Iko kwenye faili lako."

"Basi wacha ikae. Mimi natoka, wewe una watoto shuleni."

"Na wewe ulikuwa nao mwaka huo."

Alikunja koti lake taratibu, akaliweka kwenye kiti, akaenda kumwita mgonjwa aliyefuata bila koti. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa miaka thelathini na minne.

Jumatatu, tarehe 14 Julai, nilipeleka maelezo yangu kwa msimamizi wetu, Bi. Emily Nyasani, pamoja na rekodi ya kompyuta ya Jumamosi ile, yenye herufi za jina langu na neno moja kwenye hatua ya kuunganisha: haikufanywa. Niliambatisha nakala za zile barua nne. Alisoma mara mbili.

"Fred, unajua unasaini nini?"

"Najua."

Alipiga muhuri. Karatasi hizo sasa ni ukurasa wa 88 hadi 94 wa faili la Bi. Nyanchoka. Kuhusu barua ya 2016, alinieleza kwamba ni kamati tu inayoweza kuiondoa, na kamati inakaa tarehe 9 Septemba, siku arobaini baada ya mwenyewe kuondoka. Niliomba kikao cha mapema. Ombi limepokelewa.

Kwa hiyo siku ya sherehe atapewa saa ya ukutani, blanketi na hotuba, na barua itakuwa bado imo. Ndiyo sababu wasifu huu umekuwa mrefu. Zimechapishwa nakala mia tatu. Kila aliyealikwa ana yake mkononi, na ya Bi. Nyaboke nitaipeleka mwenyewe.

Mong'ina, tunakushukuru kwa vichwa vyote hivyo, na kwa mikono ambayo haikuwahi kumsukuma mgonjwa. Tunakushukuru wewe uliyefundisha watu kumi na saba kazi, nikiwa miongoni mwao, na hukumwambia hata mmoja kwamba ana deni. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma kwenye mteremko wa Sironga, na wajukuu wanaokuja bila kuitwa.

Najua unavyofikiri. Unapanga tarehe 9 Septemba uamke mapema, uvae gauni la kanisani, uje ukae mbele ya wale watu useme tena kwamba programu ni yako. Usije. Siku hiyo uwe shambani kwako unachuma chai. Nitaingia peke yangu, na safari hii sitaambiwa nikae.

Nenda ukaishi vizuri, mama yetu, na uishi siku nyingi.

Fred Onyancha
Idara ya Picha